Lovina Kessel na Mfalme wa Choo

Lovina Kessel alikuwa mwepesi wa kupiga. Sisemi hivyo kumsengenya, maana mwenyewe alijisifia. Nilifanya naye kazi miaka mingi katika jiko la Chuo cha Penfold, mimi nikimenya viazi na kuchochea moto, yeye akiwa mpishi mkuu. Nilimwona akimtoa nje profesa wa Kilatini kwa kumkaba kola, kisa alichovya kidole kwenye sufuria ya jemu ya matofaa. Nilimwona akimwangusha nguruwe kwa ngumi moja ya kisogoni kabla mchinjaji hajamaliza kunoa kisu. Na mimi mwenyewe nilikula makofi yake zaidi kuliko nilivyokula nyama yake.

Baba yake alikuwa mchinjaji wa mji, mtu wa maneno machache na bia nyingi. Mama alikufa akimzaa Anson, na Lovina, ambaye bado alikuwa msichana wa kusukwa mikia miwili, akaachiwa kichanga mikononi. Alimlea kwa maziwa ya mbuzi na kwa ubishi. Alipopata kazi jikoni chuoni alikuja naye, akamlaza kwenye kikapu cha mikate karibu na jiko, akawa anakanda unga huku mguu mmoja ukikitikisa kikapu. Mtoto akakua mdogo wa umbo, mikono vijiti, shingo nyembamba, ila kichwani alikuwa moto. Alijifunza kusoma kwa maandishi ya magunia ya unga. Akilala alitaka taa iachwe ikiwaka, na Lovina, ambaye hakumpa mtu mwingine yeyote anachotaka, aliiacha ikiwaka.

Siku chuo kilipomkubali Anson awe mwanafunzi, dada yake alinipiga kofi la furaha lililofanya sikio langu lilie mpaka kesho yake.

Sasa nieleze habari za Halloween, sikukuu ya mizuka ya mwisho wa Oktoba, pale chuoni, maana bila hizo kisa cha Lovina hakieleweki. Wazee wetu wa Penfold wanasema mwanzoni ilikuwa sikukuu ya upole. Wasichana walimenya tofaa bila kulikata ganda, wakalirusha nyuma ya bega, wakageuka kutazama limeanguka kwa umbo la herufi gani, wapate kujua jina la mchumba. Wavulana walitumbukiza vichwa kwenye beseni kuyauma matofaa yaliyoelea. Wakaimba, wakala maandazi, wakalala. Kisha mwaka mmoja wavulana wakampandisha ng'ombe wa mkuu wa chuo mpaka ghorofa ya tatu, darasa la hesabu. Ng'ombe hupanda ngazi, lakini kushuka hataki ng'o. Baba yake Lovina aliitwa akamchinja hukohuko. Damu ikashuka ngazi kwa ngazi mpaka mlango wa mbele, na badala ya kuona aibu, vijana wakaonja utamu.

Baada ya ng'ombe vikaja vyoo. Siku hizo kila nyumba mjini ilikuwa na choo chake nyuma ya ua, kibanda cha mbao cha kukaa mtu mmoja, mlango wenye tundu la umbo la mwezi mchanga. Kila Halloween wanachuo walikuja kuving'oa na kuvirundika kwenye ngazi za chuo. Sisi watu wa mji hatukukubali kuonewa. Mzee Dorsey alikisogeza choo chake nyuma kidogo akaliacha shimo wazi kwa mbele, wezi walipokuja mbio wawili wakatumbukia hadi kifuani. Wengine walipakia bunduki chumvi ya mawe badala ya risasi. Namjua kijana mmoja aliyesikiliza masomo akiwa amesimama mpaka Krismasi.

Mwishowe chuo kikaamua jambo hilo liwe na utaratibu, na huo utaratibu ukawa mbaya kuliko fujo. Wa mwaka wa kwanza, tuliowaita Wachanga, waliruhusiwa kuiba choo kimoja na kukisimamisha katikati ya uwanja. Ndani walimweka mwenzao mdogo kuliko wote, amevikwa kichwani boga lililochongwa macho na meno, wakaupigilia mlango misumari. Huyo ndiye Mfalme wa Choo. Wa mwaka wa pili, Wakongwe, kazi yao ilikuwa kumtoa kabla ya kengele ya jioni. Akitoka kabla ya kengele, wameshinda Wakongwe. Kengele ikimkuta ndani, wameshinda Wachanga, nao hutembea kifua mbele mwaka mzima. Sheria nyingine hazikuwepo. Rungu ruksa, meno ruksa, matope ya uso ruksa. Mkuu wa chuo, Mchungaji Alden, alikaa kwenye ngazi na mkewe wamejifunika blanketi moja, akiwaambia wageni kwamba hivi ndivyo wanaume wanavyotengenezwa.

Nimewaona wakitengenezwa. Nimeokota sikio kwenye nyasi nikidhani ni uyoga. Nimemwona kijana mmoja akimkanyaga mwenzake mkono mpaka tukausikia ukivunjika kutoka jikoni. Kila mwaka kulikuwa na bega lililochomoka na pua iliyohama mahali pake, na mwaka mmoja jicho lilitoka lisirudi.

Na Lovina? Alikuwa shabiki namba moja, sitamtetea. Alikaanga maandazi yao huku amejitokeza dirishani nusu ya mwili, mwiko hewani.

"Mbavuni, we zuzu! Mpige mbavuni! Pua ina faida gani?"

Walipoletwa jikoni wanavuja damu aliwapaka mafuta ya nguruwe na kuwafunga vitambaa, akiwasimanga. "Nani amekufanya hivi? Bibi yako? Rudi ukamwombe radhi." Walimpenda. Walimwita Mama Ngumi. Ilipofika zamu ya damu yake mwenyewe ndipo utamu ulipomtoka mdomoni.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya askari wetu kwenda vitani Ufaransa. Anson alikuja jikoni mchana, wakati Lovina anakata kabichi, akasimama mlangoni akitabasamu.

"Dada, wamenichagua."

"Wamekuchagua nini?"

"Mfalme."

Kisu kikasimama. "Kawaambie dada yako amekataa."

"Niwaambie hivyo kweli? Dada amekataa? Si bora nivae sketi kabisa!"

"Basi waambie una kifua kibovu."

"Sina kifua kibovu."

"Sogea hapa nikupe sasa hivi."

Anson akacheka, akaiba kipande cha kabichi. Halafu akaacha kucheka. "Dada, sikia. Hapa mimi ni mdogo wake mpishi. Nikipita wananiuliza leo kuna supu gani. Nikikaa mle mpaka kengele ilie, basi, nimekuwa mtu kama wao."

"Hao si watu. Ni mafahali waliofundishwa Kilatini."

"Mwaka jana uliwashangilia wewe."

Hapo Lovina alipandwa na hasira. Akamrushia kabichi nzima. Anson akaidaka, akaendelea kueleza mpango wake kama mtu anayesoma hesabu. Wakongwe hushinda kwa sababu choo huwa cha msonobari, mbao zinapasuka kwa mateke. Mwaka huu wangeiba choo cha kanisa la Wamethodisti, cha mwaloni mtupu. Nyufa zote wangeziziba kwa nyasi na lami, mtu asipate pa kuingiza mtaimbo. Chini wangepigilia mbao. Lingebaki tundu la mwezi peke yake, la kupumulia.

"Nitakuwa salama humo kuliko wewe hapa jikoni," akasema. "Wataumiza mikono bure."

Lovina alivua aproni, jambo ambalo hakulifanya hata kwa mazishi, akaenda ofisini kwa Mchungaji Alden. Mimi nilimfuata kwa sababu nilimwogopea mchungaji.

"Bi Kessel," mkuu akasema, "mwanangu mwenyewe alivunjika mkono pale uwanjani. Leo ni wakili."

"Na huo mkono?"

"Haunyooki. Lakini anaandika kwa mwingine."

"Mchungaji, nimemlea kwa mikono hii. Sina mwingine."

"Ndiyo maana nakwambia, mwachie awe mwanamume."

Niliona bega la Lovina likijiandaa. Nikamshika kiuno nikamvuta nje, na kofi lililokuwa la mchungaji nikalipokea mimi, kwa niaba ya kanisa.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi kali, ardhi juu imeganda na chini ni tope. Choo cha Wamethodisti kilisimama katikati ya uwanja, cheusi kwa lami, kizito hivi kwamba kilikuja kwa mkokoteni wa farasi wawili. Wachanga walikizunguka safu tatu, wameshikana viwiko. Kutoka dirishani tuliliona boga la Anson likichungulia kwenye tundu la mwezi, kisha mkono wake ukatoka ukatupungia. Lovina hakupunga. Alikuwa akikaanga maandazi bila kuyatazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, yaliungua.

Filimbi ikapulizwa. Wakongwe walikuja mbio kwa pamoja, vichwa chini, na walipogongana na safu ya kwanza ulisikika mshindo wa nyama na mifupa, halafu mayowe. Kiongozi wao alikuwa Lyle Vandermeer, mtoto wa mwenye kiwanda cha matofali, kijana wa shingo nene aliyekuwa akija jikoni kuomba maziwa ya ziada. Alimpiga wa kwanza kwa kichwa, akamng'ata wa pili shavuni, akamtumia wa tatu kama ngazi. Safu zikakatika. Vijana walibingiria kwenye tope wakikabana koo, mmoja akapigwa na soksi iliyojazwa mawe akakaa chini akitafuta meno yake kwa adabu, kama mtu aliyeangusha funguo. Wakongwe wakakifikia choo wakakipiga mateke. Mwaloni haukusikia. Wakaleta gogo, watu wanane, wakaligonga mlangoni mpaka gogo likachanika. Mwaloni ule ule.

Ndani Anson alikuwa akiimba. Tulimsikia. Aliimba wimbo wa chuo, kwa kejeli, na Wachanga waliokuwa bado na meno wakamwitikia.

Lyle akarudi nyuma akasema neno na wenzake. Akaletewa kopo la makaa ya moto, juu yake wamemwaga pilipili kavu ya kusaga na manyoya ya kuku. Akapandishwa mabegani, akaliingiza kopo lote kwenye tundu la mwezi. Wimbo ukakatika. Tukasikia kikohozi, na mateke kutoka ndani.

"Ataomba mwenyewe atolewe!" Lyle akapiga kelele. "Sukuma!"

Wakakisukuma kwa nyuma ili kipinduke. Kikainama, kikaanguka kifudifudi, mlango chini, na tundu la mwezi likazama kwenye tope. Wachanga wakarukia juu yake kukilinda, Wakongwe wakarukia juu ya Wachanga, likawa lundo la watu wanaopigana juu ya choo kilicholala, na kelele zikawa nyingi kiasi kwamba hapakusikika kitu kingine.

Lovina aliweka mwiko chini. "Gus," akaniambia. "Moshi unatokea wapi?"

Nikatazama. "Hautoki."

"Ndiyo nakuuliza. Unatokea wapi?"

Nyufa zote zilikuwa na lami. Anson aliziziba kwa mikono yake. Lovina hakungoja nielewe. Alichomoa shoka la kuni pembeni ya jiko akatoka kwa mlango wa nyuma akikimbia, nami nyuma yake na mtaimbo wa kuchochea moto.

Na hapa ndipo nilipowachukia wale watu, na bado nawachukia wale walio hai. Wachanga walipomwona anakuja na shoka wakajua anataka kumtoa Mfalme. Kengele ilikuwa karibu. Mfalme akitoka sasa hivi, wameshindwa. Wakaacha kupigana na Wakongwe wakamgeukia yeye. Wakongwe nao wakaona mpishi anawaingilia ushindi wao, nao wakamgeukia. Mchana kutwa walikuwa wakiraruana, wakapatana kwa ajili yake.

"Bi Lovina, rudi jikoni!" Lyle akamzuia kwa mikono miwili. "Mchezo bado!"

"Anakufa humo!"

"Kila Mfalme hukohoa."

Lovina alimpiga kwa mpini wa shoka chini ya kidevu. Taya lilivunjika kwa mlio wa kijiti kikavu. Mwingine akamrukia mgongoni akamvuta nywele, Lovina akamtupa kwa juu ya bega akamkanyaga akipita. Kijana aliyelala chumba kimoja na Anson, jina lake Merle, mtoto wa watu mpole kabisa, alimshika mguu akilia, "Dakika chache tu, mama, dakika chache tu!" Lovina akampiga teke la uso. Mimi nilipiga yeyote aliyekuwa karibu. Nilipigwa pia, na jino la mbele sina mpaka leo.

Alifika. Alipanda juu ya choo, akaweka sikio kwenye mbao. Kulikuwa na kugonga hafifu, kwa kiganja. Kisha kukakoma.

Akainua shoka. Mwaloni ulikuwa mgumu, pigo la kwanza likaruka. Kwa la pili shoka likazama mpaka mpini, na alipolichomoa lilirudi na damu. Nilimwona akiliona. Akapiga tena, pembeni, akapiga tena, mpaka ubao ukaachia na moshi ukatoka kwa mkupuo mmoja, mchungu, uliotufanya tufumbe macho. Akaingiza mikono akamtoa.

Alikuwa zambarau. Boga lilikuwa bado kichwani, akalipasua kwa ngumi. Mkono wa kushoto ulikuwa na vidole viwili, vitatu vilibaki kwenye mbao. Kifua hakikupanda. Wale waliokuwa karibu waliona damu, wakapiga mayowe, wakakimbia. Wa mbali wakaona Mfalme ametolewa, wakaanza kushangilia. Lovina akampiga mdogo wake kifuani kwa ngumi mbili, akampulizia mdomoni, akampiga, akamgeuza akampiga mgongoni, akimtukana matusi yote ya bucha ya baba yao. "Rudi! Rudi we mbwa! Rudi nikuue mwenyewe!" Mpaka Anson akatapika, akavuta pumzi kwa sauti ya mlango mbovu.

Kengele ya jioni ikalia. Wakongwe wakarusha kofia juu.

Nilifunga mkono wa Anson kwa shati langu na kumbeba. Lovina alibaki nyuma. Alilirudia shoka, akakikatakata kile choo mpaka kikawa vipande vya kuwashia moto, na hakuna aliyethubutu kusogea, hata Mchungaji Alden, ambaye blanketi lilikuwa limemwanguka.

Asubuhi yake walimfukuza kazi kwa kumjeruhi mwanafunzi kwa silaha. Taarifa ya chuo ilisema Anson alizimia. Daktari naye akasema alizimia, maana daktari alilipwa na chuo. Nikamwambia Lovina twende tukaseme ukweli, tumwambie hata Anson mwenyewe.

"Ukimwambia nitakung'oa meno yaliyobaki," akanijibu. "Huyu analala na taa. Akijua alishakufa, atalala vipi tena?"

Alimpelekea supu hospitali. Anson alikuwa ameegemea mto, mkono mkubwa kwa bandeji. Hakuitazama supu.

"Nani alikwambia unitoe?"

Lovina akasimama na bakuli.

"Tulikuwa tumeshinda, dada. Dakika chache tu. Sasa wote wanajua dada yangu ndiye aliyenitoa. Dada yangu! Na vidole vyangu umechukua."

Aliliweka bakuli juu ya meza, akalifunika vizuri kwa kifuniko, akatoka. Karibu na kituo cha reli akampiga farasi wa watu ngumi.

Pigano halikufanyika tena, si kwa sababu ya Anson, bali kwa sababu baba yake Lyle alikasirishwa na taya lililovunjika la mwanawe, na alikuwa mtu wa kusikilizwa. Badala yake yakaja maandamano ya mashuka na vinyago vya karatasi, na watoto wa mji wakawa wanapita milango ya mabweni kuomba peremende. Wahitimu wa zamani walilalamika. Walisema mpishi mmoja mwendawazimu aliiua Halloween ya Penfold. Lovina alipata kazi ya kufua mashuka katika hoteli ya stesheni, akafua miaka na miaka, akamchoma mgeni mmoja kwa pasi kwa sababu alimshika kiuno. Nilimposa. Akasema, "Gus, nitakuvunja." Nilimposa tena baadaye, akafikiri kidogo zaidi, jibu likawa lilelile. Anson alisoma akamaliza, akawa wakili, akaoa, akaota kitambi. Walisalimiana wakikutana. "Hujambo dada." "Sijambo." Basi.

Anson mwenyewe hakuwa na aibu na ule mkono. Ulimpatia heshima. Kila karamu ya wahitimu alihadithia, na kila mwaka hadithi ilinenepa pamoja naye. Mwishowe akaingia katika baraza la chuo, na vuli moja, vijana walipoanza kusema wanataka pigano lirudishwe, Anson ndiye aliyeombwa kuzungumza kwenye karamu ya Halloween kabla ya kupiga kura.

Chuo kilikodi watu wa hoteli kusaidia kugawa chakula. Ndivyo tulivyojikuta mle ukumbini, mimi na Lovina, nywele zetu nyeupe, tumebeba trei za pai ya maboga.

Anson alisimama, akauinua mkono wa kushoto juu wote wauone. Kidole gumba na jirani yake.

"Wanangu, hiki ndicho cheti changu cha kweli. Kile cha karatasi kimeliwa na nondo." Wakacheka. "Tulikuwa tumeshinda! Nimetulia ndani, najipumzikia, nahesabu ushindi. Ghafla mbao zinafunguka, na nani anaingia? Wakongwe? Wapi! Dada yangu na shoka la kuni!" Wengine walipiga meza kwa kicheko. "Na leo ninyi mnatembea na mashuka mkigawa peremende. Peremende! Mrudisheni Mfalme. Haya, nani mdogo kuliko wote humu ndani?"

Wakamsukuma mbele kijana mmoja mwembamba wa miwani. Wakamnyanyua mabegani, naye akacheka pamoja nao, masikio mekundu kwa furaha ya kuonekana.

Lovina akanipa trei yake. Alitembea katikati ya meza, taratibu, magoti yalikuwa yanamsumbua, na watu wakampisha wakidhani anakwenda kutoa sahani. Alipofika alimpiga Anson kofi ambalo lilisikika mpaka jikoni.

"Dada!" Anson akashika shavu. "Mbele za watu?"

"Nilikukata vidole, Anson, na hukulia."

"Nini?"

"Vidole vitatu. Kwa shoka. Hukulia. Hukusema hata ah." Sauti yake ilitetemeka, na mimi sikuwahi kuisikia ikitetemeka. "Unamjua mtu anayekatwa vidole asilie? Sema, wakili. Ni mtu wa namna gani?"

Anson akanitafuta kwa macho. "Gus?"

"Ulikuwa umekwisha," nikamwambia. "Zambarau uso wote. Alikupiga kifua mpaka ngumi zake zikavimba. Pumzi ilirudi baadaye. Hukupumzika humo, Anson. Uliacha kugonga."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa unaogopa giza," Lovina akasema.

Ule mkono ulikuwa bado hewani. Anson akautazama kama umeletwa na mtu mwingine, akaushusha, akauficha mfukoni. Vijana wakamteremsha yule wa miwani, polepole, mmoja akamweka kola sawa. Hakuna aliyeomba kura.

Lovina akarudi kuchukua trei yake mikononi mwangu, akaendelea na kazi, meza kwa meza. Alipofika kwa mdogo wake akamwekea kipande cha pai. Anson akajaribu kusema asante, ndipo akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, machozi yakidondoka kwenye sahani, na dada yake akasimama amemwekea kiganja shingoni, akawaambia vijana walioduwaa waendelee kula, pai inapoa.